Mgonjwa wa Sukari Anaposafiri kwa Ndege

Zamani mtu wa Katanga aliyetaka kufika Kinshasa alijiandaa kwa safari ndefu. Tangu mwaka 1928 aliweza kupanda gari la moshi mpaka Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo. Pale aliingia katika mashua ya moshi, akashuka mto Kasai, kisha mto Kongo, mpaka amefika. Alichukua chakula, blanketi, sufuria na vitu vyote vya lazima, kwa maana alijua kwamba atakaa njiani siku nyingi. Leo mtu anapanda ndege pale Luano, na baada ya saa mbili na nusu hivi anashuka N'djili. Kwa hiyo watu wengi hawajiandai tena. Wanatia vitu vyote katika valizi, wanaikabidhi valizi kwa watu wa ndege, nao wanapanda mikono mitupu.

Kwa mtu mwenye afya hilo si neno kubwa. Valizi ikipotea, atalala na shati moja. Lakini mtu anayeishi kwa sindano ya insulini, valizi yake ikipotea na dawa imo ndani, uzima wake umo hatarini. Kwa ajili yake na kwa ajili ya jamaa zake tumeandika somo hili. Neno kuu la somo ni moja, nalo ni jepesi kukumbuka: insulini yako isiachane na mkono wako, tangu mlango wa nyumba yako mpaka mlango wa nyumba unayoiendea. Mengine yote tutakayosema yanatoka katika neno hilo.

1. Kwa nini insulini haiachwi hata siku moja

Nyuma ya mfuko wa tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini. Chakula tunachokula, kama bukari, mkate, wali au viazi, kinageuka kuwa sukari katika damu. Insulini ni kama ufunguo unaofungua mlango ili sukari iingie katika nyama za mwili na kuzipa nguvu. Ufunguo ukikosekana, sukari inajaa katika damu na mwili unabaki na njaa. Ni kama nyumba ambayo magunia ya unga yamepangwa nje mlangoni, na ndani watoto wanalia njaa, kwa sababu mlango umefungwa.

Kuna aina mbili kubwa za ugonjwa huu. Katika aina ya 1, ambayo mara nyingi huwapata watoto na vijana, kongosho halitengenezi insulini tena. Mtu huyo lazima apate sindano kila siku. Katika aina ya 2, ambayo huwapata zaidi watu wazima, insulini ipo lakini haitoshi, au mwili hauitii vizuri. Wengi wa aina ya 2 wanatumia vidonge, na wengine wanahitaji sindano pia.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa wa aina ya 1 alikufa tu. Waganga hawakuwa na la kufanya. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, mganga Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walianza kutoa insulini katika kongosho la wanyama. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922 kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alidungwa sindano hiyo. Alikuwa karibu kufa, naye aliishi miaka 13 tena. Basi, unaposhika chupa ile ndogo mkononi, ujue unashika kitu ambacho wazazi wengi wa zamani walikilia machozi, nao hawakukipata.

Mgonjwa wa aina ya 1 akikosa insulini, aweza kuanza kuugua sana katika siku moja tu. Anaona kiu kali, anakojoa mara nyingi, tumbo linauma, anatapika, anapumua kwa nguvu, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Hiyo ni hatari ya kufa. Apelekwe hospitali mara moja.

2. Wiki tatu kabla ya safari

Usingoje mpaka siku ya mwisho. Wiki tatu kabla ya kuondoka, nenda kwa mganga wako na kumwomba mambo matatu.

Kwanza, barua. Barua hiyo iandikwe kwa Kifaransa, na kama unakwenda Zambia, Afrika ya Kusini au India, iandikwe kwa Kiingereza pia. Iwe na jina lako sawasawa kama lilivyo katika pasiporti au karata yako. Iseme kwamba una ugonjwa wa sukari, kwamba lazima uchukue insulini, sindano, mashine ya kupima damu na chakula pamoja nawe ndani ya ndege. Itaje dawa kwa jina la dawa yenyewe, siyo jina la kiwanda tu, kwa maana kiwanda kimoja hakiuzi katika kila nchi. Iwe na sahihi na muhuri. Fanya nakala mbili: moja ikae na dawa, nyingine ikae na pasiporti na karata ya manjano ya chanjo.

Pili, agizo la dawa, ili ukipoteza kila kitu uweze kununua tena.

Tatu, saa za sindano. Kama unakwenda mbali, mganga akuandikie katika karatasi saa utakazojidunga siku ya safari na kipimo cha kila sindano. Jambo hili tutalieleza mbele.

3. Hesabu ya dawa

Chukua mara mbili ya dawa utakayoihitaji. Tuseme Mama mmoja wa Katuba anakwenda Kinshasa siku 14 kwenye mkutano wa wamama wa kanisa. Kila siku anajidunga vipimo 20 asubuhi na vipimo 10 jioni, jumla vipimo 30. Kwa siku 14 atahitaji vipimo 420. Mara mbili yake ni vipimo 840. Chupa moja ya kawaida ina mililita 10, na ndani yake vipimo 1,000. Je, chupa moja inamtosha? Kwa hesabu inamtosha, lakini kwa akili haitoshi, kwa maana chupa ni ya kioo na kioo huvunjika. Achukue chupa mbili, na kila moja aifunge mbali na mwenzake. Sindano zake ni 2 kila siku, yaani 28, achukue 60.

Anayetumia kalamu ya insulini ajue kwamba mrija mmoja wa kalamu una mililita 3, yaani vipimo 300. Achukue kalamu ya pili, maana kalamu pia huharibika. Mwenye mashine ya kupima damu achukue vijiti vya kutosha na betri nyingine. Na yule mwenye pompu ndogo inayotia insulini mwilini, achukue pia sindano za kawaida na insulini ya kutosha, ili pompu ikisimama maisha yasisimame.

Kumbukeni mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Matayo, sura ya 25. Wote kumi walikuwa na taa. Walio na busara ni wale waliochukua mafuta mengine katika vyombo vyao, kwa sababu hawakujua saa ya bwana arusi. Msafiri naye hajui saa ya ndege. Aliyechukua dawa ya ziada hana neno, hata ndege ikichelewa siku mbili.

4. Mahali pa kuweka dawa

Dawa yote iwe katika mfuko mdogo unaoingia nawe ndani ya ndege. Usiiweke katika valizi inayokwenda chini ya ndege. Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza tumekwisha kuitaja: valizi hupotea au hufika kesho yake.

Sababu ya pili ni baridi. Ndege kubwa inaruka juu kama mita 10,000, na huko nje baridi hupita digri 50 chini ya sifuri. Mahali pa mizigo paweza kuwa na baridi kali hata insulini igande. Insulini iliyoganda imekufa. Hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri machoni, haina nguvu ya kutegemewa. Itupwe.

Sababu ya tatu ni jua. Valizi hungoja juu ya gari la mizigo uwanjani, na mwezi wa kumi hapa kwetu jua linachoma. Joto kali huharibu insulini.

Watu wengi wanauliza: je, insulini haitaharibika ikikosa frigo njiani? Jibu ni hili. Chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa vizuri katika frigo, kwenye baridi ya digri 2 mpaka 8, siyo mahali pa barafu. Lakini chupa unayoitumia yaweza kukaa nje ya frigo karibu wiki nne, maadamu joto halipiti digri 30 na jua haliipigi. Soma pia karatasi iliyo ndani ya sanduku la dawa, kwa maana aina nyingine zina siku zake.

Jambo hili limejaribiwa hata katika nchi ya joto. Katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, nchi ya Kenya, watu wengi hawana frigo. Waganga Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto la nyumba za kambi ile. Wakaona linapanda na kushuka kati ya digri 25 na 37. Wakaiweka insulini katika joto kama lile kwa wiki nne, na katika mwaka 1921 dawa yenyewe ilikuwa haijaanza kutumika kwa watu, lakini mwaka 2021 walitangaza kwamba ilibaki na nguvu yake karibu yote. Basi safari ya siku moja au mbili isikutie hofu. Hofu yako iwe juu ya mambo mawili: kuganda na jua.

Ukitaka kuilinda na joto, funga chupa katika kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha uitie katika mfuko mwepesi unaopitisha hewa. Maji yakikauka polepole yanaleta ubaridi, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Ukitumia barafu, usiache dawa iguse barafu. Weka nguo nene katikati. Na ndani ya ndege usimpe mhudumu dawa yako akutunzie katika barafu yake. Yaweza kuganda, au mtaisahau wote wawili.

Kabla ya kila sindano, itazame dawa. Ile iliyo safi kama maji, ikiwa na utusitusi au rangi, usiitumie. Ile iliyo nyeupe kama maziwa, izungushe polepole katika viganja. Ikibaki na mabonge au ikishika kioo, usiitumie.

5. Penye ukaguzi wa mizigo

Hapa wengi wanaogopa. Wamesikia kwamba sindano ni silaha, kwa hiyo wanazificha katika nguo au katikati ya vitabu. Usifanye hivyo. Kitu kilichofichwa kikionekana katika mashine, huanza kuonekana kama kosa, na wewe utakuwa na kazi ya kujieleza kama mwivi. Mkristo aseme kweli tangu mwanzo. Sindano za mgonjwa wa sukari zinakubaliwa katika ndege zikiwa pamoja na insulini na barua ya mganga.

Fika uwanjani mapema. Kabla mfuko wako haujaingia katika mashine, sema kwa upole: Je suis diabétique, j'ai de l'insuline et des seringues. Toa dawa yote ikiwa katika sanduku lake lenye jina lako, pamoja na barua. Ukiulizwa kwa ukali, usijibu kwa ukali. Mkaguzi anafanya kazi yake, naye pengine hajaona mgonjwa wa sukari siku ile.

Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya dunia vimekataza kupita na maji katika chombo kinachopita mililita 100. Insulini haizuiliwi na sheria hiyo, kwa maana ni dawa. Tena chupa yake ni mililita 10 tu. Lakini chupa kubwa ya limonadi uliyoichukua kwa ajili ya sukari ikishuka yaweza kunyang'anywa. Kwa hiyo chukua sukari ya vipande, ambayo haimwagiki wala haikatazwi.

Mashine inayotazama mizigo haiharibu insulini. Lakini mwenye pompu, au mwenye kipimo kidogo kinachobandikwa katika ngozi, aseme mbele, aombe akaguliwe kwa mkono. Vyombo vingine vya namna hiyo huharibika katika mashine za ukaguzi, na kitabu cha chombo chako kitakuambia.

6. Ndani ya ndege

Mfuko wa dawa ukae chini ya kiti kilicho mbele yako, siyo juu mbali nawe. Mwambie mhudumu na mtu aliyekaa karibu: "Mimi nina ugonjwa wa sukari. Nikianza kutetemeka au kusema maneno yasiyo na maana, nipeni sukari."

Usijidunge sindano ya chakula mpaka sahani imewekwa mbele yako. Wengi wanasikia harufu ya chakula, wanajidunga, kisha ndege inaanza kutikisika, wahudumu wanaambiwa kuketi, na chakula hakiji. Insulini imekwisha kuingia mwilini, na hakuna kitu tumboni. Hapo ndipo sukari inashuka. Tena usitegemee chakula cha ndege. Safari nyingine wanatoa biskuti tu. Chukua mkate, karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha. Kama unakwenda nchi nyingine, maliza matunda kabla ya kushuka, kwa maana nchi nyingi zinakataza matunda ya kigeni.

Hewa ndani ya ndege ni nyepesi. Lubumbashi yenyewe iko juu ya bahari kama mita 1,200. Ndani ya ndege kubwa hewa yaweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,000 au zaidi. Kwa sababu hiyo viputo vya hewa huingia katika kalamu. Ondoa sindano katika kalamu kila ukimaliza, na kabla ya kujidunga toa vipimo 2 hewani uone tone linatoka. Mwenye pompu atazame mrija wake baada ya ndege kupanda na baada ya kushuka.

Kunywa maji. Inuka utembee kidogo kila saa, kwa maana miguu ya mwenye sukari huvimba na damu hukawia. Vaa viatu ulivyovizoea, siyo viatu vipya vya sherehe. Kidonda kidogo cha kiatu chaweza kuwa kidonda kikubwa.

Sindano uliyoitumia usiiache katika mfuko wa kiti wala katika sahani. Anayesafisha ndege ni mama au baba wa watoto, naye atajichoma. Chukua kopo gumu lenye kifuniko, tia sindano zote humo, na uzipeleke hospitali unakokwenda.

7. Sukari ikishuka njiani

Hii ndiyo hatari inayokuja upesi kuliko zote. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafula, moyo kupiga haraka, kichwa kuuma, macho kuona giza, hasira bila sababu, maneno yasiyoeleweka. Kipimo cha damu kinakuwa chini ya miligramu 70. Watu wanaotumia kidonge cha glibenklamidi pia waweza kupatwa na jambo hili, siyo wenye sindano peke yao.

Fanya hivi. Kula vipande 3 au 4 vya sukari, au vijiko 3 au 4 vidogo vya sukari katika maji, au nusu ya kopo la limonadi yenye sukari. Ngoja dakika 15. Pima tena. Kama bado ni chini, kula sukari tena. Ukiwa mzima, kula mkate au chakula kingine, ili sukari isishuke mara ya pili.

Mtu akizimia, usimmiminie kitu chochote kinywani, kwa maana kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu. Kama ana sindano ya glukagoni, na jamaa amefundishwa, amdunge. Waombwe waganga waliomo katika ndege.

Tena kuna jambo la kusikitisha. Mtu mwenye sukari iliyoshuka anayumba na kusema ovyo, na watu wanasema, "Amelewa." Uwanjani aweza kusukumwa nje, wala hapewi msaada. Kwa hiyo vaa shingoni au mkononi kitu kinachoonyesha ugonjwa wako, au weka karatasi katika mfuko wa shati. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni ya yule anayempita mgonjwa njiani bila kuuliza.

8. Saa zinapobadilika

Nchi yetu ni kubwa hata ina saa mbili. Lubumbashi ikiwa saa nne asubuhi, Kinshasa ni saa tatu. Tofauti ya saa moja si kitu. Jidunge kama kawaida. Johannesburg saa ni moja na yetu. Nairobi na Addis Ababa wametutangulia saa moja. Ulaya, katika mji wa Brussels, wakati wa joto lao saa ni sawa na ya Lubumbashi, na wakati wa baridi yao wako nyuma saa moja. Basi safari hizi hazitaki kubadili vipimo.

Kwa India ni jambo jingine. Wametutangulia saa tatu na nusu. Na New York wako nyuma yetu saa sita au saba. Ukienda upande wa mawio ya jua, siku yako inakuwa fupi, na insulini ya siku nzima yaweza kuwa nyingi mno. Ukienda upande wa machweo, siku inakuwa ndefu, na insulini yaweza kupungua. Usijifanyie hesabu mwenyewe. Mganga akuandikie. Wakati wa safari, acha saa yako ya mkononi ionyeshe saa ya Lubumbashi mpaka umefika, na kupima damu iwe mara nyingi kuliko nyumbani.

9. Ukifika katika nchi ya wageni

Watu wengi wa Kongo wanakwenda India kwa matibabu. Hao wasikilize sana sehemu hii. Katika nchi nyingi mililita moja ya insulini ina vipimo 100. Lakini India kunauzwa pia chupa ambazo mililita moja ina vipimo 40 tu, na mabomba yake ya sindano yana alama nyingine. Mara nyingi bomba la 100 lina kifuniko cha rangi ya machungwa, na la 40 lina kifuniko chekundu.

Ukivuta vipimo 20 katika chupa ya 40 kwa bomba la 100, umepata vipimo 8 tu, na sukari yako itapanda. Ukivuta vipimo 20 katika chupa ya 100 kwa bomba la 40, umejidunga vipimo 50. Hiyo yaweza kukuua usiku ule ule. Sheria ni hii: nambari iliyo juu ya chupa na nambari iliyo juu ya bomba ziwe moja. Zikitofautiana, usijidunge; uliza.

Tena, vipimo vya damu havisomwi namna moja. Hapa kwetu tunasoma miligramu, kama 90 au 180. Afrika ya Kusini wanasoma milimoli, kama 5 au 10. Usistuke ukiambiwa sukari yako ni 10, wala usifurahi kwamba imeshuka mno. Zidisha kwa 18, utapata hesabu ya kwetu: 10 ni 180, na 5 ni 90.

10. Neno kwa wakristo

Wako ndugu wanaofunga chakula na kuomba siku ya safari. Kuomba ni kwema. Lakini mwenye insulini asifunge siku ile. Amwombe Mungu akiwa amekula. Wako wengine wanaoambiwa kwamba kuchukua dawa nyingi ni kukosa imani. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo alikuwa amekwisha kuahidiwa na malaika wa Mungu kwamba hakuna mtu wa merikebu atakayepotea. Je, aliketi tu? Hapana. Watu walikuwa hawajala siku 14 kwa hofu ya tufani, naye akawasihi wale chakula kwa ajili ya uzima wao, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akala. Ahadi ilikuwepo, na mkate ulikuwepo. Havikupigana.

Na wewe usiye mgonjwa, una kazi pia. Ukisafiri na mwenye sukari, ujue mfuko wake uko wapi, ujue dalili za sukari kushuka, na uwe na vipande vya sukari katika mfuko wako. Kubebeana mizigo ni hivyo.

Maswali ya kukumbuka

1. Kwa nini insulini isiwekwe katika valizi inayokwenda chini ya ndege? Taja sababu tatu.
2. Insulini iliyoganda na kuyeyuka, yafaa kutumiwa?
3. Barua ya mganga iwe na maneno gani?
4. Utajidunga sindano ya chakula lini ndani ya ndege?
5. Ndugu yako anatetemeka na kutoka jasho katika ndege. Utampa nini? Utangoja dakika ngapi?
6. Chupa imeandikwa 40 na bomba limeandikwa 100. Utafanya nini?

Ukiweza kujibu haya yote bila kutazama nyuma, jiandae kwa safari yako. Ukishindwa hata moja, soma tena, au njoo umwulize mwuguzi kabla ya kununua tiketi.